Kaburi la Ng'ambo ya Mombasa

Somo la wiki. Kusoma: Yohana 11:17–44, 1 Wakorintho 15:12–26, 1 Wathesalonike 4:13–18.



Mchungaji aliniomba niandike maisha ya mtu wa imani aliyefariki zamani, ili tujifunze kwake kipindi hiki tukiwa bado tunahubiri habari za ufufuo. Nimemchagua Mzee Johann Ludwig Krapf. Wengi wetu tulimsoma shule ya msingi: mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, unaandika jibu, unapata alama yako moja, mambo yanaisha. Hata mimi nilimjua hivyo tu. Nilikuja kumjua vizuri kwa sababu ya kaburi, na wala si kaburi lake. Ni la mke wake na mtoto wake. Na sababu ya mimi kujali kaburi hilo ni kwamba nami nina langu.

Wengine wenu mnakumbuka. Miaka sita iliyopita mke wangu alijifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa msichana, akaishi siku nne. Tulifunga na kuomba. Ndugu wa ushirika wetu hapa Jamhuri walikesha nasi, wengine wakatoka mkeshani moja kwa moja kwenda kazini bila kulala. Siku chache baadaye nikawa nimekaa kiti cha nyuma cha gari la jirani, sanduku dogo mapajani, tunatoka mochari kwenda makaburi ya Lang'ata. Lilikuwa jepesi mpaka nikaogopa.

Wiki iliyofuata mtu mmoja, na naamini hakuwa na nia mbaya, alituambia kwamba kama tungekuwa na imani ya kutosha mtoto angepona. Mke wangu hakumjibu kitu. Lakini karibu mwaka mzima hakuimba kanisani. Anakuja, anakaa, ibada ikiisha anabeba mkoba wake tunaenda nyumbani. Na mimi mzee wa kanisa nilikuwa nasimama mbele ya watu nasema Yesu amefufuka, na moyoni naona kama natoa habari za nyumba ya mtu mwingine.

Disemba moja tulienda Mombasa kwa harusi ya mpwa wangu. Siku ya pili mwenyeji wetu akatupeleka Nyali, ng'ambo ya kisiwa, kuona mnara wa kumbukumbu ya Krapf. Akatueleza kwamba upande huo ndiko alikozikwa mke wa Krapf pamoja na kichanga chake. Mke wangu akauliza swali moja tu: huyo mtoto aliishi siku ngapi? Mwenyeji hakujua. Mimi pia sikujua. Tuliporudi Nairobi nikaanza kusoma.

Kijana wa Derendingen

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Akiwa na miaka kumi na moja hivi, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa lililofanywa na mtoto mwingine. Akaugua na kulala kitandani karibu miezi sita. Katika kulala huko akawa anasoma Biblia, hasa habari za kina Ibrahimu na wazee wa kale, watu walioitwa na Mungu wakaondoka kwao bila kujua waendako.

Baadaye alipata shule Tübingen, akaonekana ana kipaji cha lugha. Aliposikia habari za wamisionari alitamani kuwa mmoja wao, akaenda mpaka Basel, Uswisi, kwenye chuo cha kuwaandaa. Njia yake haikunyooka. Aliiacha nia hiyo kwa muda, akasoma theolojia, kisha akairudia. Mwaka 1837 shirika la Waanglikana wa Uingereza, CMS, lilimtuma Ethiopia, nchi iliyoitwa Uhabeshi wakati huo.

Niseme mapema: Krapf hakuwa Mpentekoste. Uamsho wa mtaa wa Azusa kule Los Angeles ulikuja mwaka 1906, yeye akiwa amekwisha lala miaka ishirini na mitano. Alikuwa Mlutheri aliyetumwa na Waanglikana. Tena hakuwa malaika. Alikuwa na haraka ya mambo, na mila za watu wetu mara nyingi alizihukumu kabla ya kuzielewa. Lakini Mungu hajawahi kungoja mtu mkamilifu ndipo aanze kazi, la sivyo hata sisi tusingekuwa hapa.

Chozi

Kule Ethiopia alifukuzwa kaskazini, akaenda Shoa, ufalme wa Sahle Selassie, akakaa tangu 1839 hadi 1842. Huko alikutana na Waoromo, akaanza kujifunza lugha yao na kuwabeba moyoni. Mwaka 1842 alitoka kwenda kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich, wakafunga ndoa Misri. Waliporudi ili waendelee na kazi, njia ya kwenda Shoa ilikuwa imefungwa. Wakajaribu kupitia Massawa, kwenye Bahari ya Shamu, nako hawakuruhusiwa kupita.

Mwaka 1843, katika kutangatanga huko, nyikani, mbali na nyumba yoyote, Rosine akashikwa na uchungu. Akajifungua msichana. Mtoto hakuishi. Wakampa jina Eneba, ambalo katika lugha ya huko maana yake ni chozi.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwa siku kadhaa. Nilikuwa natafuta mtoto mmoja, kumbe walikuwa wawili. Na yule wa kwanza, wazazi wake walimpa jina. Hawakumwita bahati mbaya, wala hawakunyamaza kana kwamba hakuwahi kuwepo. Alikuwa mtu, akapewa jina la mtu.

Kutoka hapo walikwenda Aden, wakapanda jahazi kuelekea kusini. Jahazi la kwanza liliingia maji, nusura wazame. Wakapanda jingine. Tarehe 7 Januari 1844 wakafika Zanzibar. Sultani Seyyid Said aliwapokea vizuri, akampa Krapf barua kwa maliwali wake wa pwani, akiwaambia wamtendee wema kwa kuwa ni mtu mwema anayetaka kuwaelekeza watu kwa Mungu. Msisahau jambo hilo, ndugu zangu: aliyewafungulia wamisionari hao mlango wa nchi yetu alikuwa Mwislamu.

Julai 1844

Mwezi wa Mei 1844 Krapf na Rosine wakahamia Mombasa. Rosine alikuwa mjamzito tena. Krapf hakupoteza muda. Tarehe 8 Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na mmoja wa waliomsaidia kuielewa lugha alikuwa kadhi wa Mombasa.

Hazikupita wiki tano. Mwanzo wa Julai homa ilimwangusha Krapf, kisha Rosine. Tarehe 6 Julai Rosine akajifungua msichana. Homa haikumwachia. Mtu na mke wake wakawa wagonjwa katika nyumba moja, kila mmoja akisikia mwenzake akihangaika, hakuna wa kumwuguza mwingine. Tarehe 13 Julai 1844 Rosine akafa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kiasi kwamba kuinuka na kuhakikisha kuwa mke wake kweli amefariki kulikuwa kazi kubwa. Siku mbili hivi baadaye yule mtoto naye akamfuata mama yake.

Kwa hiyo jibu la swali la mke wangu ndilo hilo. Hakufikisha siku kumi.

Rosine alikuwa ameomba asizikwe kisiwani. Alitaka azikwe bara, ng'ambo ya maji, ili watu watakaopita njia hiyo walione kaburi na kukumbuka ni jambo gani lililomtoa kwao mbali hivyo. Akazikwa huko kama alivyotaka, na mtoto wake pia.

Sasa hebu tutulie hapa kidogo. Je, Krapf na Rosine walikosa imani? Watu walioacha nchi yao, waliokwisha kumzika mtoto mmoja nyikani na bado wakaendelea mbele badala ya kurudi nyumbani, tuwaambie nini? Kwamba wangeomba kwa sauti zaidi? Mimi naamini uponyaji. Nimeona watu wakipona katika kanisa hili, na nitaendelea kuwawekea wagonjwa mikono maadamu nina mikono. Lakini mahali fulani njiani tulifundishana, bila kusema wazi, kwamba imani ikifanya kazi hakuna atakayekufa kabla ya uzee. Basi akifa mtoto, lazima atafutwe mwenye makosa. Na mara nyingi anayepatikana ni mama yake.

Someni Yohana 11 polepole. Martha na Mariamu, kila mmoja kwa wakati wake, wanamlalamikia Yesu kwamba amechelewa. Yesu hawakemei. Hawaulizi imani yao ilikuwa kiasi gani. Anamwambia Martha kuhusu ufufuo, kisha anakwenda kaburini na kulia, ingawa anajua dakika chache zijazo Lazaro atatoka. Na tena, wapendwa, Lazaro huyo baadaye alikufa. Kila aliyeponywa na Yesu katika Injili zote nne alikuja kufa siku moja. Kwa hiyo uponyaji ni zawadi ya kweli, lakini tumaini letu la mwisho haliwezi kukaa juu yake. Liko juu ya lile kaburi la Yerusalemu lililokutwa halina mtu asubuhi ya siku ya kwanza ya juma. Ndiyo maana Paulo anamwita Kristo limbuko. Mkulima akiona mahindi ya kwanza yamekomaa, hayo mengine hayahangaikii tena. Anajua yako njiani.

Barua ya mtu mgonjwa

Krapf aliandikia wakuu wake London kuwapa habari ya msiba. Sitanukuu, nitasema kwa maneno yangu alichowaambia. Aliwaarifu kwamba sasa kwenye pwani ya Afrika Mashariki kuna kaburi moja la upweke la mtu wa kazi ya Injili. Kisha akalisoma kaburi hilo kwa namna ambayo mimi nisingeweza. Alilichukua kuwa dalili kwamba vita vya kuleta Injili sehemu hii ya dunia vimeanza, na kwamba kanisa husonga mbele likipita juu ya makaburi ya watu wake. Akawahimiza wasirudi nyuma.

Mara ya kwanza nilipojua habari hiyo nilikasirika kidogo. Nilijiuliza, huyu mtu hakulia? Mbona anazungumza kama jemadari na mke wake amezikwa juzi? Lakini alikuwa mtu aliyemwita mtoto wake Chozi. Alijua kulia. Nafikiri nilichokuwa nakiona ni kitu ambacho sikuwa nacho: mtu anaomboleza bila kufikiri kwamba mambo yamekwisha. Paulo aliwaandikia Wathesalonike kuhusu jambo hilo. Hakuwakataza kuhuzunika. Alichokataza ni ile huzuni ya mtu asiyetarajia kitu tena.

Na Krapf hakulikimbia hilo kaburi. Angeweza kurudi Ulaya, na nani angemlaumu? Alikaa Mombasa, peke yake, karibu miaka miwili. Kaburi liko ng'ambo, yeye yuko kisiwani, katikati ni maji tu. Akaendelea na Mwanzo, akaendelea na Agano Jipya, akakusanya maneno ya Kiswahili moja moja. Hebu fikirieni mwanaume yuko katika nyumba alimofia mke wake, anatafuta neno la Kiswahili la kila mstari wa Injili, mpaka anafika asubuhi ile ya Jumapili wanawake walipokwenda kaburini. Hakuwa na watu wa kuwahubiria. Nadhani alikuwa akijihubiria mwenyewe kwanza.

Rabai

Juni 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani kama yeye. Mwezi wa Agosti mwaka huo wakahamia Rabai, kwenye vilima nyuma ya Mombasa, kwa idhini ya wazee wa Warabai. Siku ya kuhama wote wawili walikuwa na homa. Wakajenga, wakaanza kufundisha. Watu waliokuja walikuwa wachache, na wengi hawakurudi mara ya pili.

Makaburi yaliendelea kuongezeka. Mwaka 1849 alifika Johannes Wagner, akafariki baada ya muda mfupi. Mwaka 1851 alikuja Christian Pfefferle, naye akafa kabla hajaanza kazi aliyoijia.

Na yule wa kwanza aliyempokea Kristo pale Rabai alikuwa nani? Si mzee wa kaya, wala kijana mwenye nguvu wa kubeba kazi mbele. Alikuwa Mringe, kiwete, maskini, ambaye alipenda kusikiliza neno. Alibatizwa akiwa karibu kufa, na akafa. Miaka yote hiyo, matunda ya kwanza ya kanisa la bara yakaingia moja kwa moja kaburini.

Kibinadamu hiyo ni hasara. Hesabu ya mikutano ya Injili ya siku hizi isingemtaja Mringe kabisa. Lakini kama Kristo alifufuka, Mringe hakupotea. Mshirika wa kwanza wa kanisa la Rabai yuko kwa Bwana, anangoja mwili mpya, na miguu yake itakuwa mizima. Ukiondoa ufufuo, kazi ya Krapf ni upuuzi mtupu. Paulo anakubali jambo hilo bila kuzungukazunguka: kama wafu hawafufuliwi, sisi ndio watu wa kuhurumiwa kuliko wote.

Mlima na kiu

Ni katika miaka hiyo hiyo ndipo kilitokea kile tunachokijua cha shuleni. Rebmann aliuona Kilimanjaro na theluji yake tarehe 11 Mei 1848. Krapf akaenda Ukambani, na tarehe 3 Disemba 1849, akiwa Kitui, nyumbani kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa na kiongozi wa Wakamba, mawingu yakafunguka akauona Mlima Kenya. Wasomi wa Ulaya walikataa kuamini kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Wengine waliwacheka. Walioona walijua walichokiona, na miaka mingi baadaye wengine walithibitisha. Sisi tunaosema tumaini letu liko kwa Mtu aliyetoka kaburini tunajua kidogo habari ya kuchekwa namna hiyo.

Mwaka 1851 alirudi Ukambani. Safari hiyo walivamiwa na wanyang'anyi karibu na mto Tana. Kivoi akauawa, msafara ukatawanyika, na Krapf akabaki peke yake porini. Kiu ilimpata vibaya. Alipofika mtoni hakuwa na chombo cha kuchukulia maji, akajaza maji kwenye mtutu wa bunduki na kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake, akayaziba na kuendelea. Alitembea usiku, akajificha mchana, mpaka akafika Rabai akiwa hai, watu wakiwa wamekwisha sikia kwamba amekufa.

Mwaka 1853 afya yake ilimlazimisha kurudi Ujerumani. Waliobatizwa Rabai walikuwa bado wa kuhesabu kwa vidole. Aliota mlolongo wa vituo vya Injili kutoka Mombasa hadi bahari ya Atlantiki, na alipoondoka kituo kilikuwa kimoja.

Magotini

Alikaa Korntal, mji mdogo karibu na Stuttgart, lakini moyo wake haukutoka huku. Mwaka 1862 alikuwa tena pwani, akiwasaidia Wamethodisti kuanza kazi yao Ribe pamoja na Thomas Wakefield. Rebmann yeye alibaki miaka mingi, akamzika mke wake, akapofuka, ndipo mwaka 1875 akarudi Ujerumani. Akafika Korntal, Krapf akampokea. Mwaka 1876 Rebmann akafariki, na Krapf akawa amezika tena.

Lakini huku nyuma mbegu zilikuwa zinaota. Mwaka 1864 walifika Rabai Wakristo Waafrika waliokuwa wameokolewa utumwani na kulelewa Bombay, India. Mwaka 1875 CMS ilianzisha Freretown kwa ajili ya watu walioachiliwa kutoka majahazi ya watumwa. Freretown iko upande ule ule wa bara, jirani na kaburi la Rosine. Ile kengele ya Kengeleni mnayopita mkienda Nyali inatoka huko. Na mwaka 1885 wawili kati ya wale waliotoka Bombay, William Jones na Ishmael Semler, waliwekewa mikono kuwa mashemasi. Krapf hakuliona hilo.

Jumamosi tarehe 26 Novemba 1881, akiwa na miaka 71, alikuwa ameongea na rafiki yake kuhusu kurudi kwa Bwana. Akaingia chumbani kulala. Walipokuja kumtazama walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, roho imekwisha toka. Kamusi yake ya Kiswahili, kazi aliyoianza katika nyumba ya msiba, ilichapishwa London mwaka uliofuata.

Nimefikiria sana hayo magoti. Mtu aliyeomba na mtoto akafa nyikani, akaomba na mke wake akafa, akaomba na wenzake wakafa mmoja baada ya mwingine, bado alikuwa anaomba. Kama imani yake ingekuwa juu ya majibu aliyopata, angekuwa ameacha kuomba Julai 1844. Alikuwa anaongea na Mtu aliye hai, na aliamini kwamba Huyo ndiye anayewatunza Eneba, na yule binti wa Mombasa, na Rosine, na Mringe, mpaka siku ile.

Kibao

Nilimweleza mke wangu haya yote jikoni jioni moja, kidogo kidogo, yeye akichambua sukuma wiki. Nilipofika kwa Eneba na jina lake aliacha kuchambua. Kisha akasema jambo ambalo tulikuwa hatujawahi kulisema: kwamba binti yetu tulimpa jina hospitalini, lakini tangu tumzike hakuna aliyelitaja, hata sisi wenyewe. Na pale Lang'ata hatukuweka hata kibao. Tuliona haya, kama vile kaburi lake lilikuwa ushahidi dhidi yetu.

Jumamosi ya kabla ya Pasaka tulikwenda. Fundi mmoja wa hapa mtaani alikuwa ametutengenezea kibao cha chuma. Kina jina lake, na tarehe mbili zilizo karibukaribu sana, na chini yake neno Ufufuo na nukta mbili, kisha nafasi tupu. Fundi aliniuliza mara mbili kama nimesahau kumpa tarehe ya hapo. Nikamwambia hiyo ataijaza Bwana.

Mke wangu alikisafisha vumbi kwa leso yake. Akapiga magoti, nami nikapiga. Hatukuomba sana. Tulipokuwa tunarudi kwenye gari nilimsikia anaimba kwa chini, na sikugeuka kumtazama, ili asiache.

Kama wewe unayesoma una kaburi ambalo hulitaji, na uliambiwa kwamba ni kosa lako, mimi kama mzee wa kanisa hili nakuomba msamaha. Nenda ukaweke kibao. Taja jina. Kisha ujumuike nasi, hata kama bado huwezi kuimba. Yesu amefufuka, hata katika wiki ambazo sisi hatuna sauti.

Maombi: Bwana Yesu, wewe ulilia kaburini na wewe ulitoka kaburini. Wafariji waliozika. Utuponye sisi tuliowajeruhi kwa maneno yetu. Utupe imani ya kuombea wagonjwa wapone, na imani ya kukutumaini wasipopona, mpaka siku utakapowaita kwa majina yao. Amina.

Ya kuzungumza kwenye ushirika wa nyumbani:
1. Katika Yohana 11, Yesu aliwajibu vipi Martha na Mariamu walipomlalamikia? Sisi huwajibu vipi waliofiwa?
2. Kwa nini kubatizwa kwa Mringe hakukuwa hasara?
3. Kuna familia gani katika ushirika wenu iliyozika na haijatembelewa? Nani atakwenda, na siku gani?